Shemeji Aliyekataa Kusalisha

Hii hadithi nikiisimulia kutoka mbele, mjinga ni mimi. Nikiigeuza niisimulie kutoka nyuma, mjinga bado ni mimi. Kwa hivyo wacha nianze na pale pabaya kabisa tumalizane: mimi, mtu mwenye leseni ya Kenya na leseni ya Saudia, nilimtafutia dada yangu mchumba, nikamsifu kwa mama, nikampangia posa, na mchumba mwenyewe alikuwa mwanamke.

Haya, mshacheka. Tuendelee.

Nilikuwa dreva wa nyumbani Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Miaka ile mawakala walikuwa wakipita kwetu Kisauni nyumba kwa nyumba kama watu wa chanjo. Wanataka wasichana wa kazi za ndani, wanataka vijana wa gari. Mimi darasa la nane nilimaliza nikiwa wa pili kutoka chini, tena yule wa chini alikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Baada ya hapo nikawa nashinda gereji kwa mjomba wangu, nikiyajaribu magari ya wateja bila wateja kujua, na hicho ndicho chuo kikuu changu. Kule Riyadh mwanamke alikuwa hajaruhusiwa kushika usukani, kwa hivyo kila nyumba ilihitaji mtu kama mimi: umpeleke madam sokoni, uwapeleke watoto shule, urudi ukae kwenye mulhak, kile chumba cha dreva kando ya geti, ungoje simu ilie tena.

Jikoni alikuwepo dada mmoja wa Kitale, Mkristo, ana kicheko cha kuziba mdomo na mwiko. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukitaka chakula cha moto katika nyumba ile, umchekeshe mpishi. Sikuwahi kula baridi.

Huyo mchumba mwenyewe nilimkuta mtaani akiosha gari la jirani. Alikuwa na ndoo, sponji, suruali pana ya kazi, na shemagh, kile kilemba cha Waarabu, kaizungusha kichwani mpaka puani, yamebaki macho. Hilo si ajabu. Vumbi la Riyadh likiamua kuvuma, hata shehe anafanana na jambazi. Kilichonisimamisha ni kwamba alikuwa anasoma Yasini huku anasugua rimu, tena anaisoma vizuri, kwa sauti ya kwetu pwani.

Nikamwambia, "Yakhe, Yasini husomewa maiti. Hili gari limekufa lini?"

Hakugeuka. "Bado halijafa. Lakini dreva wake nishamwona akiendesha."

Dreva wake alikuwa rafiki yangu wa Bangladesh, na ni kweli alikuwa akiendesha kama mtu anayekimbiza mwizi ambaye ashashikwa. Pale pale nikajua nimepata ndugu. Kwetu, mtu wa kukurudishia mzaha kabla wako haujapoa ni zaidi ya jamaa wa damu. Nilikuwa nimekaa muda mrefu na watu wema ambao kila mzaha lazima niwaeleze maana yake, na mzaha ukishaelezwa ni kama chapati ya juzi.

Akasema kwao Lamu. Akasema alitoroka kwa kafili wake, bosi aliyemdhamini, hana ikama, ile karatasi ya ukaazi, analala kwenye stoo ya matairi nyuma ya petroli stesheni, mlinzi wa pale ni mzee wa Kisudani na hana maneno. Sikuuliza zaidi. Nusu ya watu niliowajua walikuwa wametoroka, na nusu nyingine walikuwa wakifikiria.

Sauti ilikuwa nyembamba, kidevu hakina kitu, na mimi sikumpumzisha. Nilimuuliza ndevu kaziacha kwao au vipi.

"Nimeziacha kwa mama azichunge," akasema. "Huku vumbi jingi, zitachafuka."

Nilicheka mpaka nikashika geti. Sasa nikikumbuka, naona kila jibu lake lilikuwa mlango uliofungwa vizuri, na mimi nje nashangilia rangi ya mlango.

Yeye alijibu, mimi nilisema. Nilimwambia kila kitu. Baba yangu alifariki nikiwa Riyadh, pasi yangu iko kabatini kwa bosi, nikaambiwa subiri Ramadhani iishe. Siku anayozikwa baba, mimi nilikuwa nampeleka madam kununua mapazia. Niliporudi nilijifungia bafuni kwenye mulhak, nikafungua bomba la maji lipige kelele, nikalia. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata mama. Yeye nilimwambia. Alikaa juu ya ndoo yake kaipindua, akaniacha nimalize, hakunirushia pole za haraka haraka. Kisha akauliza, "Mapazia ya rangi gani?"

Nikamwambia kijani.

"Basi kijani usikipende tena maisha yako yote. Una ruhusa."

Kwa mambo kama hayo ndiyo nikaanza kumfikiria kwa dada yangu.

Dada yangu ananifuata mimi kwa kuzaliwa, kazi yake kushona. Wakati huo mama alikuwa ashampata mtu mwenye duka la hadwea, la saruji na misumari, ana wake wawili na kikohozi. Dada hakumtaka, lakini hakuwa na sababu ambayo mama angeikubali, maana kikohozi si sababu. Baba hayupo tena, kwa hivyo neno lililobaki ni la mjomba na langu. Na mimi hapa mbele ya macho yangu nina mtu wa Lamu, kifuani ana Qur'ani, ana adabu, tena anaweza kunifunga mdomo mimi, kazi iliyowashinda walimu tangu chekechea. Nani angemwacha?

Siku nilipomwambia nakupa dada yangu, sponji ilimtoka mkononi. Akasema hana ikama. Nikamwambia dada yangu haolewi na ikama. Akasema kwao maskini. Nikamuuliza kwetu umesikia kuna ikulu? Akakataa, nikamwandama, akakataa tena, nikamwekea namba kwenye simu yake kwa mkono wangu. Kutoka siku ile nikawa simwiti yakhe tena, namwita shemeji.

Wakaanza kutumiana sauti kwenye simu. Haikupita muda dada yangu akanipigia, sauti yake kama ina kitu kinacheza ndani, akasema, "Kaka, huyu sawa. Mwambie mama nishapata." Nikamwambia mama. Mama akamwambia mtu wa hadwea. Halas, mtu wa hadwea akaenda kukohoa kwingine, na mimi nikajiona mzee wa ukoo. Niliposhika usukani siku zile nilikuwa naushika kama mtu mwenye wajukuu.

Jambo moja tu likinikera. Adhana ikitoka, maduka yote yanafungwa, sisi madreva tunaingia msikitini, na shemeji haonekani. Ukimuuliza, nguo zina najisi. Kesho yake, udhu umemtenguka. Nikambandika jina Bwana Udhu. Nilimwambia huo udhu wako una pancha, na wewe unalala na matairi, mbona huuzibi? Alicheka tu. Lakini yule mzee wa Kisudani aliniambia kwamba huyo huyo kila alfajiri husali ndani ya stoo kafunga mlango, na kisomo chake ndicho kinachomwamsha yeye mlinzi. Sikuelewa. Nikasema labda watu wa Lamu wana haya.

Ndipo ukatangazwa msamaha: asiye na karatasi ajitokeze, aondoke arudi kwao, hafungwi. Shemeji akasema anataka kuondokea Jidda, maana kuna bibi mmoja mtaa wa Ghulail, wa zile familia za Unguja zilizohamia kule baada ya mapinduzi, ana ujamaa na watu wake. Na bahati ikaangukia hivi: shule zilifungwa, na nyumba yetu nzima ikawa inaenda Jidda kupunga upepo. Wao kwa ndege, mimi kwa barabara na masanduku yao.

Nikapanga kila kitu kichwani. Tukifika Jidda, kabla hajaondoka, tunafanya posa kwa simu. Bibi wa Ghulail asimame kama mzee upande wake, mjomba na mama wawe Kisauni wanasikiliza. Shemeji atue nyumbani ashakuwa wetu. Nilipomweleza akainama akaanza kukamua sponji. Nikadhani ni yale yale ya haya.

Asubuhi ya safari dada wa jikoni alitufungia mandazi na kuku. Alipompa shemeji mfuko wake, alimshika mkono akauacha hapo kidogo. Nikamwambia, "Polepole dada, huyo ana mwenyewe." Akaziba mdomo na mwiko.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari akachungulia ndani. Kumbeba mtu asiye na ikama kwenye gari la kafili ni jela kisha uwanja wa ndege, na hilo nilikuwa nalijua. Nikamwambia askari kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba huyu ameoza jino, harufu yake mafi kalam, yaani haisemeki, na shemeji akaibana shemagh kwenye taya akaugulia kama mtu anayekata roho. Askari akarudisha kichwa chake mbio, akasema yalla, yalla. Tulicheka mpaka machozi yakanizuia kuona barabara. Nilijua kwa ajili yake nimeweka shingo rehani. Sikujua nimeweka na mabega.

Adhuhuri tukasimama kwenye petroli stesheni moja katikati ya mchanga. Kuna msikiti mdogo, na ndani kuna madreva wawili wa malori, Msudani na Mpakistani, wanasukumana nani asalishe. Mimi kwa sifa zangu nikawaambia ngojeni, sisi tuna mtu wetu, Qur'ani anayo kifuani. Nikaenda kumtoa shemeji garini. Akatikisa kichwa. Nikamvuta mkono wa shati, akaja mpaka mlangoni, pale akagoma.

"Sisalishi."

Nikamwambia maji haya hapa, Bwana Udhu, leo huna pa kukimbilia.

"Sisalishi, wala sisimami na nyinyi. Nenda ukasali."

Mpakistani akaangalia saa yake, akaniangalia mimi. Mwisho wake nikasukumwa mbele mimi, mtu ambaye sura anazozijua zinaenea kwenye kiganja. Nikasoma Fatiha kwa uoga. Kwenye sujudu nilikuwa namwomba Mungu aniwezeshe kumpiga mtu kofi.

Garini nikanyamaza. Mimi kunyamaza ni ugonjwa, mama huniletea panadol. Tukaenda hivyo mpaka nikashindwa. Nikamuuliza nitamwambia nini mama, kwamba mkwe niliyempa hasali?

"Nasali."

"Na nani?"

"Na Mungu wangu." Kisha akageuka akanitazama sawasawa. "Sikiliza. Mimi mengi nitakudanganya. Sala yako siichezei."

Nikacheka. Nikamwambia utanidanganya nini wewe, hata kidevu hujakipata. Nikangoja anirudishie. Akageukia dirishani, na ilikuwa mara ya kwanza mzaha wangu kwake ukaanguka chini bila mtu wa kuuokota.

Bibi wa Ghulail alikuwa mdogo, mkavu, mwenye macho ya mtu asiyeibiwa sokoni. Anakaa juu ya duka la mchele, ngazi nyembamba, nyumba inanuka udi na samaki wa kukaanga. Alitukaribisha chumba cha mbele, wajukuu zake wa kike wako ndani nyuma ya pazia, tunasikia vikombe na minong'ono. Tukaletewa chai ya tangawizi na mkate wa ufuta. Nilijiona niko kwetu, nikaachia mdomo.

Sijui mazungumzo yalifikaje pale. Nadhani bibi aliyapeleka yeye. Akatusimulia kuhusu mwanamke mmoja wa zamani, wa ukoo wao, enzi za mababu wa mababu zake. Alitoka pwani na mumewe kuja kuhiji, mume akafa njiani, akabaki peke yake katika mji wa watu. Akanyoa nywele, akavaa nguo za marehemu, akabeba kiriba mgongoni akawa mchota maji katika vichochoro vya Jidda. Akaishi mwanamume mpaka akazeeka. Bibi akasema wala hakuwa wa pekee. Zamani kulikuwa na wanawake waliokwenda na misafara hivyo, waliokwenda jahazini hivyo, waliokwenda kutafuta elimu hivyo. Tunaowajua ni wale waliokamatwa. Hodari wao wamezikwa kwa majina ya kiume, na hakuna atakayejua.

Huyu wa kwao alijulikana alipokufa, wanaume walipokuja kumwosha. Wakamfunika haraka, wakawaita wanawake. Alikuwa na mwenzake, mchota maji kama yeye, aliyepita naye kila mlango miaka na miaka. Kisima kimoja, sahani moja. Mtu huyo alikasirika hata jeneza likatoka bila bega lake. Alikaa kizingitini, bibi akasema, watu wanapita na maiti, yeye anaangalia viatu vyake.

Bibi akanigeukia. "Na wewe, mwanangu. Ungembeba?"

"Mimi nisingefika huko, bibi," nikasema. "Mimi ningemjua siku ya kwanza. Mwanamke umvishe kanzu, umvishe joho, umvishe hata gunia la mchele wa hapo chini, mimi namjua kwa anavyoshika kikombe. Wanaume wa zamani walikuwa vipofu."

Nyuma ya pazia kicheko kikalipuka. Bibi alicheka hadi akayatoa meno akayafuta. Nilifurahi mno. Nikaongeza na mengine, jinsi ninavyowatambua kwa mwendo, kwa kupiga chafya, kwa kufunga mlango wa gari, na kila nikiongeza pazia linatikisika. Sikuwahi kupata watu wanaocheka namna ile, na zawadi hiyo nikaichukua nikalala nayo. Mtu mmoja tu hakucheka. Shemeji alikuwa amekitazama kikombe alichokishika, na polepole akakiweka chini.

Posa ikawa Ijumaa baada ya laasiri. Nilivaa kanzu ya kuazima, nikanunua halua na tende. Kule Kisauni mjomba kakaa na mama, majirani wameshaingia, simu wameiweka sauti ya nje. Mjomba alianza salamu mapema, na salamu za mjomba ni ndefu kuliko safari ya kutoka Riyadh. Nilipanda ngazi simu mkononi, yeye yuko kwenye kuwasalimia waliotangulia mbele ya haki.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke. Abaya nyeusi, mtandio, uso wazi, mkoba mdogo mkononi. Nikainamisha macho kama mtu aliyelelewa. Nikasema samahani dada, namtafuta shemeji yangu.

"Ndiye huyu, yakhe."

Sauti niliijua kabla sijainua macho. Sikumtazama usoni, nilitazama mikono. Vifundo vimepasuka kwa sabuni, ukucha wa kidole gumba umeng'oka, ule alioubana kwenye mlango wa gari la jirani nami nikamfunga kitambaa. Mikono niliijua. Ilikuwa imeshikana juu ya mkoba kama ya mwanafunzi anayengoja viboko.

Kwenye simu mjomba akawa anauliza, "Aloo? Mzee wa upande wa kijana yuko hapo?" Bibi akaja akaichukua simu kutoka mkononi kwangu, akamwambia mjomba kwa heshima zote kwamba kijana amepata safari ya ghafla, na kwamba Mungu ndiye mpangaji. Akakata.

Akaniambia yake tumesimama pale pale mlangoni. Alikuja kufanya kazi za ndani kama wengine. Nyumba aliyopewa alikuwa akifungiwa, na mengine ya nyumba ile hakuyasema, wala sikumuuliza. Siku aliyotoka, alitembea na abaya yake barabara moja tu, magari mawili yakamfuata. Ya pili hakuipita na abaya. Aliokota suruali kwenye kamba ya nguo, akaokota ndoo. Mwanamke peke yake njiani, kila mtu anamuuliza anakwenda wapi. Mwanamume mwenye ndoo hakuna anayemwona. Lakini alama za vidole alizopiga alipoingia nchini ni za mwanamke, kwa hivyo kuondoka lazima aondoke vile vile. Akasema foleni ya ule msamaha iko, anaogopa kwenda peke yake. Nimpeleke mpaka pale tu.

Nikauliza nani alikuwa anajua.

Bibi. Wajukuu nyuma ya pazia. Mlinzi wa Kisudani, toka siku ya kwanza. Dada wa jikoni, toka mwezi wa kwanza, na ndiye aliyekuwa akimpa zile haja za wanawake chini ya mandazi, kwenye mifuko ambayo niliibeba mimi kwa mkono wangu nikimpelekea. Kile kicheko cha pazia nikakisikia upya, na safari hii nikajua kilikuwa kinakwenda wapi. Nikayaona na yale ya kizuizini: mwanamke aliyetoroka, si mke wangu, si dada yangu, kavaa kiume, garini kwa kafili, na mimi namchekesha askari.

Nilisema neno moja tu la maana siku ile. Nikamwambia, "Mimi nilikupa kilio cha baba yangu. Wewe ulinipa nini?"

"Sala yako," akasema. "Hujawahi kusali nyuma yangu hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionichoma zaidi. Kwetu mwanamke hasalishi wanaume. Pale petroli stesheni angekubali, watu watatu tungeinuka na sala iliyoharibika, na hakuna ambaye angejua ila yeye. Kwa hiyo alikuwa anajua mpaka uko wapi. Upande mmoja wa mpaka kaweka sala yangu kaichunga kama yai, upande mwingine kaniweka mimi, dada yangu, mama yangu na majirani wote wa Kisauni.

Niliteremka, nikaingia garini, nikafunga kioo. Joto la Jidda laasiri ni la mtu kukaa nalo kwa kusudi. Halua niliiweka mapajani ikaanza kulainika. Akateremka na mjukuu mmoja wa bibi, akaja akasimama upande wangu, akagonga kioo kwa kifundo. Nikaangalia viatu vyangu. Akagonga tena. Viatu vilikuwa vya kawaida, vyeusi, kimoja kina doa la kuku wa safari. Nilikuwa bado navitazama teksi ilipowachukua.

Ile hadithi ya mchota maji niliikumbuka baadaye, njiani kurudi Riyadh, na nikaitukana kwa sauti.

Dada wa jikoni aliponiwekea sahani nikaiacha mpaka ipoe, kisha nikala. Wiki nzima. Alijaribu kuniuliza kama alifika salama, nikamwambia aulize mandazi. Madreva wenzangu wakaniuliza mbona siku hizi huna maneno, nikasema koo linauma. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikuweza kuisimulia kwa mtu.

Kilichonilaza macho ni dada yangu. Nilimharibia mtu wa hadwea, nikamletea mchumba, mchumba hayupo, majirani walikuwa kwenye simu. Nilikuwa nazunguka namna ya kumwambia kama mtu anayebeba habari ya msiba. Mwishowe nikampigia, nikasafisha koo kama mjomba, nikamwambia, "Dada, kaa chini. Yule mtu si mwanamume."

"Najua, kaka."

Nikauliza, tangu lini?

Akasema alijua kwenye sauti ya kwanza kabisa. Yule aliwasha simu akamwambia: dada, kaka yako kaniwekea namba yako kwa nguvu, mimi ni mwanamke kama wewe, usikubali kudanganywa. Na dada yangu, damu yangu, mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyemwomba asiseme. Alimwambia wacha posa ikae kwanza, mtu wa hadwea akate tamaa. Akakata tamaa kweli, akaoa kwingine. Wakati wote huo mimi natembea Al-Suwaidi nimetoa kifua. Na akaniambia na hili, kwamba yule ashafika Kenya salama, ashapita Kisauni, alilala kwetu, mama akampikia wali wa nazi akimjua kuwa ni rafiki wa kushona. Kumbe alikula kwenye sahani ya posa yangu.

Nikajaribu kutafuta mzaha, nikakosa. Nikamuuliza, wale wengine sawa, wale ni watu baki. Mbona wewe?

Nikasikia cherehani ikisimama. Akaongea taratibu, bila hasira.

"Kaka, wewe ukipewa siri asubuhi, adhuhuri ishakuwa kichekesho mtaa mzima. Sikulaumu, ndivyo ulivyo na tunakupenda hivyo. Lakini yule angekamatwa huku watu wanacheka."